Greda na Mstari wa Chokaa

Wiki jana tulimwacha Greda hewani.

Wasomaji kadhaa wametulaumu kwamba si uungwana kumwacha mtu wa umri ule, mwenye goti lile, akining'inia hewani wiki nzima. Ni kweli. Basi tumshushe.

Alishuka vizuri. Tena vizuri mno. Bega lake la kulia lilimpata Mshale juu kidogo ya goti, mikono ikafunga mapaja, kichwa kikakaa pembeni salama, na wote wawili wakaporomoka kwenye nyasi hatua chache tu kabla ya mstari wa trai, ule wa kufungia pointi. Mpira ukamponyoka Mshale, ukadunda huku na huko kama kawaida ya mpira wenye umbo la yai, ukatoka nje.

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi, Greda ni yule mchezaji wa raga aliyelipwa kucheza nyumbani na ng'ambo mpaka goti lake la kushoto lilipogoma. Daktari alimwambia, "Goti limeshastaafu, mzee. Wewe ndiye umebaki." Klabu yake ya zamani ikamvisha filimbi shingoni na kumwita kocha. Mshale naye ni winga wa klabu pinzani. Msimu mzima huu hakuna mtu aliyemgusa hata jezi, sembuse kumwangusha.

Jumamosi ile Mshale alikuwa amewapita wote, anakimbia kando ya mstari wa pembeni, trai mkononi. Greda alikuwa amesimama kando ya mstari huohuo. Akaruka.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kocha hachezi.

Greda bado alikuwa ameikumbatia miguu ya kijana wa watu, uso umezama kwenye nyasi, na tuseme ukweli, alikuwa na furaha. Harufu ile ya nyasi na udongo hakuwa ameisikia kwa karibu hivyo tangu astaafu. Kwa muda mfupi alisahau hata kwamba amevaa viatu vya ngozi.

Refa akafika, akasimama juu yake.

"Wewe ni namba ngapi?"

Greda akajigeuza chali. "Sina namba. Mimi ni kocha."

"Naona. Na huku ndani umefuata nini?"

"Alikuwa anapita."

"Ndiyo, alikuwa anapita. Ndiyo kazi yake."

Refa akapapasa mfukoni, na kwa jinsi alivyopapasa ungedhani anatafuta kadi yenye rangi kali kuliko nyekundu. Hakuipata. Akatoa nyekundu. Kisha akawapa wapinzani trai ileile waliyonyimwa, na kwa pointi hizohizo timu ya Greda ikapoteza mechi.

Wachezaji wake hawakujua wamkasirikie au wampigie makofi. Wa kwanza kumsogelea alikuwa mlinzi wao wa nyuma, kijana seremala tunayemwita Kitasa. Alipewa jina hilo zamani, enzi ambazo hakuna aliyeweza kumpita. Msimu huu watu wanapita kwake kama mlango usio na komeo.

"Kocha, hiyo umeifanyaje?"

"Si nawaambia kila siku? Unamwona, unamwangusha!"

"Hapo katikati, kocha," Kitasa akasema taratibu. "Kati ya kumwona na kumwangusha. Hapo ndipo sisi tunapopotea."

Greda akainama kukung'uta nyasi kwenye suruali.

Mwenyekiti wa klabu alimkuta chumba cha kubadilishia nguo, akijaribu kutoa matope kwenye kiatu kwa kutumia kifuniko cha chupa. Mwenyekiti ni mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na anaongea na watu wazima kama anavyoongea na vibarua wanaochelewa kushusha saruji.

"Kaa."

"Nimekaa, mama."

"Kaa vizuri."

Greda akakaa vizuri.

"Wapinzani wanataka ufungiwe. Chama cha raga kimesema atakayesikilizwa ni yule kijana uliyemrukia. Keshokutwa kamati ya klabu inakaa dukani kwangu, na yeye ataitwa. Akikushitaki, hiyo filimbi unairudisha."

"Na nikimwomba radhi?"

"Umewahi kumwomba mtu radhi kwa kumwangusha?"

Greda akafikiri. Maisha yake yote alikuwa analipwa kwa kuwaangusha watu. "Hapana."

"Basi anza mazoezi." Mwenyekiti akafika mlangoni, akageuka. "Na hata huyo kijana akikusamehe, mimi bado nina langu. Msimu umefika katikati, na wachezaji wako hawajui unataka nini. Ulikuwa mchezaji hodari, hilo nakupa. Kufundisha, sijui kama unaweza."

Akatoka. Greda akabaki na kiatu kimoja mkononi.

Maneno yale yalimuuma kuliko goti. Kati ya kustaafu na kupewa filimbi alikuwa amekaa nyumbani tu, na katika kukaa huko alipanga upya makabati ya jikoni mara nyingi hadi mkewe akampiga marufuku kuingia jikoni bila ruhusa. Alijua vizuri sana maisha bila timu yana ladha gani. Hayana ladha.

Nyumbani, mkewe alitazama anavyochechemea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Ni muuguzi wa wodi ya mifupa, kwa hiyo hakuna kuchechemea kunakompita.

"Umeanguka?"

"Nimemwangusha mtu."

"Si wewe ni kocha?"

"Leo kila mtu ananikumbusha hilo."

Alipomaliza kusimulia, mkewe alicheka mpaka akahitaji kiti naye. Kisha akamwekea barafu kwenye goti, akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Haya, mkabaji. Usisahau kesho binti yako anamleta mgeni wake. Vaa shati lenye vifungo. Na usimbane kijana wa watu."

Greda hakuwa amesahau. Binti yake pekee, mwalimu wa udereva, alikuwa ameshatangaza kwamba kuna mtu, na kwamba mtu huyo anakuja chakula cha mchana. Jina hakulitaja. Kazi hakuitaja. "Utamwona ukimwona, baba," ndilo jibu pekee alilotoa.

Asubuhi ya Jumapili Greda alisimama mbele ya kioo akitafuta uso unaofaa. Akachagua ule aliokuwa akiutumia kwenye skramu, pale timu mbili zinapoinamiana, kabla ya kusukumana.

Mlango ukagongwa. Akaenda kuufungua na uso wake huo.

Mlangoni alisimama Mshale, boksi la keki mkononi, mguu umefungwa bandeji.

Mshale alirudi nyuma hatua moja, akaliinua boksi la keki mbele ya kifua.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Leo sina mpira."

"Marahaba," Greda akajibu, kwa sauti ya mtu aliyemeza kokwa.

Binti akatokeza nyuma ya Mshale, mkononi ana funguo za gari. "Baba, huyu ndiye mgeni wangu. Naona mmeshafahamiana."

"Ulijua?"

"Nilikuwa jukwaani. Nilikuwa nampigia kelele akimbie. Wewe nilikuona ukiwa tayari hewani."

Greda alitaka kuuliza binti yake alikuwa anashangilia timu gani, lakini mkewe alikuwa ameshampita, ameshamshika Mshale mkono, ameshamkalisha kwenye kile kiti kizuri ambacho ni cha Greda.

"Nani amekufunga bandeji hii? Fundi viatu? Nyoosha mguu, mwanangu."

Mwanangu! Kijana hajakaa hata muda wa kunywa maji, ameshakuwa mwanangu. Greda akaenda kukaa kwenye stuli.

Wakala. Yaani wenzake walikula. Greda alikuwa anazungusha kipande cha kuku kwenye sahani na kutafuta pa kuanzia. Alijua kwamba kesho yake filimbi yake itakuwa mdomoni mwa kijana huyu.

"Kuhusu jana," akaanza.

"Ndiyo, mzee."

"Nyasi zilikuwa na maji."

"Zilikuwa kavu, mzee."

"Kulikuwa na jua machoni."

"Mawingu yalikuwa yametanda, baba," binti akasaidia.

Chini ya meza, mguu wa muuguzi wa mifupa ukatafuta mguu wa mumewe na kuupata, ule mzima kwa bahati. Greda akaweka uma chini.

"Nisamehe, kijana. Nilisahau kwamba nimestaafu."

Mkewe aliacha kutafuna. Tangu daktari aseme neno lile, Greda alikuwa akilizungukia. Alisema anapumzika, anasubiri goti, anatazama mambo yatakavyokwenda. Leo ndiyo mara ya kwanza limetoka mdomoni mwake mwenyewe, na lilimuuma kulisema.

"Mimi nilishasamehe jana ileile," Mshale akasema. "Lakini nina ombi moja, mzee."

"Si sasa hivi!" binti akadakia, macho yamemtoka. Mama yake naye akaiweka sawa kanga yake.

"Nieleze ulinikamataje," Mshale akasema.

Binti akashusha pumzi. Hatukuweza kujua kama ni ya nafuu au ya hasira.

"Ni rahisi tu," Greda akasema. "Nilikuona, nikakuangusha."

"Baba." Binti alishaweka uso wa kazini. "Mwanafunzi wangu nikimwambia 'uliona gari, simama', ananigongesha ukutani. Nenda naye polepole. Ulipomwona, ulianza kutazama wapi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Greda swali hilo. Makocha walikuwa wanamwambia aende, naye anakwenda. Akafumba macho, akairudisha Jumamosi kichwani, kijana anakuja mbio, chokaa ya mstari inaruka.

"Nyonga," akasema.

"Nyonga?"

"Simama. Sogezeni hiyo meza."

Meza ikasogezwa, viti vikaegemezwa ukutani. Greda akampa Mshale mto wa kiti aushike kama mpira.

"Njoo kwangu. Usikimbie. Tembea, kama unakwenda dukani. Sasa jifanye unanipita kulia. Rudia. Polepole zaidi. Umeona? Miguu yako inadanganya, hodari sana wa kudanganya. Macho yako ndiyo usiseme. Lakini kabla hujakata kulia, nyonga ya kushoto inashuka kidogo. Inaniambia kabla wewe hujaniambia."

"Inashuka?"

"Inashuka," mkewe akathibitisha kutoka mlangoni. "Hata mimi nimeiona."

"Basi siji kwako ulipo. Naja pale nyonga iliponiambia utakuwepo. Mguu wangu wa karibu unaingia kwanza, hapa, mbele ya mguu wako. Bega linafuata. Mikono mwisho. Ukianza na mikono umebaki na jezi."

Walitembea kwenye zulia kwenda na kurudi. Chai ikaletwa, ikapoa. Mkewe alijaribu, akamkamata Mshale kiunoni akaona haya akacheka. Binti akajaribu, akamkamata akakawia kumwachia. Greda alikuwa anaeleza, anasimama, anauliza "umeelewa?", na asipoeleweka anatafuta maneno mengine. Furaha iliyomjaa ilikuwa ileile ya jana kwenye nyasi, ila hii haikumuumiza goti.

"Na nikiizuia isishuke?" Mshale akauliza.

"Ukiizuia, nani tena atakujua? Njoo nikuonyeshe. Kifua mbele kidogo. Hatua ya mwisho ifupishe. Hapo! Sasa nyonga imenyamaza. Tena."

Msomaji makini ameshaona tatizo liko wapi. Greda hakuliona. Alimsindikiza mgeni mpaka getini akiwa bado anamrekebisha kifua.

Siku ya kamati, walikaa kwenye chumba cha nyuma cha duka la Mwenyekiti, katikati ya mifuko ya saruji na makopo ya rangi. Greda alipewa ndoo iliyopinduliwa. Mshale, kwa kuwa ni mgeni na ana bandeji, alipewa kiti.

"Sema, kijana," Mwenyekiti akasema. "Unamshitaki au humshitaki?"

"Simshitaki, mama. Tena nimekuja kumsifu."

Greda akapumua. Akamtazama kijana kwa jicho la baba mkwe mtarajiwa.

"Mzee huyu ni kocha ambaye sijawahi kuona mfano wake," Mshale akaendelea, maneno yanamtoka kwa moyo wote. "Makocha wangu wote wamenitazama nikikimbia na hakuna aliyeona kasoro yangu. Yeye Jumapili moja tu, baada ya chakula, ameiona na kuiondoa."

Mjumbe mmoja aliyekuwa anasinzia juu ya mfuko wa saruji akafumbua macho.

"Kasoro gani?" Mwenyekiti akauliza.

"Nyonga yangu, mama. Ilikuwa inanisaliti. Sasa hainisaliti."

"Hebu subiri nielewe. Wewe ndiye tuliyekuwa hatuwezi kukukamata."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa na kasoro moja, ambayo kwayo tungeweza kukukamata."

"Ndiyo, mama."

"Na kocha wangu ameiondoa."

"Kabisa!" Mshale akasema kwa furaha. Kisha akatazama nyuso zilizomzunguka, na furaha ikaanza kumtoka polepole.

"Nusu fainali ya kombe tunacheza na nani?" mjumbe wa mfuko wa saruji akauliza, ingawa alijua.

Greda alikuwa anasoma maandishi kwenye kopo la rangi. Alisoma jinsi ya kukoroga, alisoma muda wa kukauka. Hakujua acheke au alie. Kumbe jambo pekee alilowahi kulifundisha vizuri tangu awe kocha, amemfundisha adui.

Akaivua filimbi shingoni, akaiweka mezani mbele ya Mwenyekiti.

Mwenyekiti hakuigusa.

"Kijana, alikufundisha vipi? Nionyeshe."

Mshale akainuka. Akachukua kopo dogo la rangi kama mpira, akaanza kutembea polepole katikati ya mifuko ya saruji, akieleza kama alivyoelezwa. Nyonga hii. Mguu wa karibu kwanza. Bega. Mikono mwisho. Mwenyekiti alitazama mpaka mwisho, kisha akainuka, akasimama njiani, akaingiza mguu wake wa karibu, na kumkamata winga hatari kuliko wote msimu huu pamoja na kopo lake.

Kamati nzima ikashangilia.

"Miaka yote naongoza klabu hii," Mwenyekiti akasema, akihema, "leo ndiyo nimeelewa mnachofanya kule uwanjani." Akamgeukia Greda. "Kumbe kufundisha unaweza. Umekosea mwanafunzi tu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo chukua filimbi yako kabla sijabadili mawazo. Ila sikia. Pale pembeni ya uwanja utachorewa mstari wa chokaa wa kukuzunguka, wewe utakaa ndani yake. Kwenye mechi, kwenye mazoezi, popote vijana wakiwa uwanjani. Siku mguu wako utakapouvuka, hata kidole, kazi basi. Chokaa natoa mimi."

Jumanne mchana mstari ulikuwepo, mweupe, mnene, umechorwa na mtu asiyebania bidhaa. Greda alisimama ndani yake kama gari lililoegeshwa vibaya. Mwenyekiti alikuwa jukwaani, miwani ya jua usoni, macho kwenye viatu vya kocha.

"Leo hatukimbii," Greda akawaambia vijana. "Leo tunatembea kama tunakwenda dukani."

Walicheka mwanzoni. Kisha Kitasa akamkamata mwenzake. Akamkamata wa pili. Akamkamata na yule mkubwa wa mbele ambaye huwa hakamatiki, na akabaki amemshika, anamtazama kocha wake kwa mshangao.

"Kumbe ndiyo hapo katikati!"

"Ndiyo hapo," Greda akasema. Alitamani kukimbia akamkumbatie. Mguu ukaanza kuinuka. Jukwaani, miwani ya jua ikainama kidogo. Mguu ukarudi.

Kitasa akasogea na swali ambalo lilikuwa linakuja. "Lakini kocha, ni kweli umemrekebisha Mshale?"

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima. Sasa nyonga ikiwa haisemi tena, sisi tutatazama nini?"

Greda akatazama kushoto na kulia. Akawaita kwa kidole. Vijana wakamzunguka, vichwa vikakaribiana kama kwenye skramu.

"Ulimi," akanong'ona.

"Ulimi?"

"Akitaka kukata, ncha ya ulimi inatoka. Akienda kulia inatoka kulia, akienda kushoto inatoka kushoto. Hajui kama anafanya hivyo. Hilo sikumwambia."

Vijana wakamtazama kwa heshima mpya. Mzee huyu! Alimpa adui mkono mmoja, mwingine akauficha mgongoni! Greda naye akaweka uso wa ujanja uliofanana na heshima hiyo. Ukweli ni kwamba alikuwa mbioni kumwambia Mshale habari za ulimi pia, ila mkewe alileta keki.

"Baba."

Vichwa vyote vikageuka. Binti alikuwa amesimama nyuma yao, mkononi ana barafu ya goti iliyotumwa na mama yake. Ilikuwa imeanza kuyeyuka, maana yake amesimama pale kitambo.

"Umesikia nini?" Greda akauliza.

"Ulimi."

"Mwanangu..."

"Ananisubiri nje ya geti. Na unajua sisi hatufichani kitu." Akaiweka barafu kwenye nyasi, nje ya mstari wa chokaa, akageuka, akaanza kwenda zake kando ya mstari wa pembeni.

Kitasa akashika kichwa. "Kocha! Anapita!"

Goti la Greda lilijikunja lenyewe. Mwili ulishapiga hesabu: hatua zake, pembe yake, pa kumkuta. Ncha ya kiatu ilikuwa inagusa chokaa. Jukwaani Mwenyekiti alikuwa amevua miwani kabisa.

Greda akautazama ule mstari. Akamtazama binti yake anavyozidi kuwa mdogo. Kisha akafanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya kwenye uwanja wa raga. Alisimama.

Kilichobaki ni mdomo.

"Mwanangu!"

Binti akasimama, hakugeuka.

Angeweza kumwambia mengi. Angeweza kumkumbusha nani alimlipia shule, nani alimfundisha baiskeli. Hakusema hata moja.

"Kazi hii naipenda," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka jukwaani. "Kuliko nilivyopenda kucheza. Mimi mwenyewe nimejua juzi. Ni hayo tu."

Hakuna mchezaji aliyecheka. Kitasa alijifanya anafunga kamba za kiatu.

Nje ya geti honi ya gari ikalia, fupi, ya mtu anayesubiri na anayependa. Binti akageuka nusu. Alimtazama baba yake ndani ya kile kisanduku cha chokaa, viatu vimejipanga pamoja kama vya mtoto wa shule, na macho yake yakalegea. Akatabasamu.

Kisha akatoa ncha ya ulimi, upande wa kulia. Akakata kushoto, akatoka getini.

Uwanja mzima ulibaki umetazama geti.

"Kocha," Kitasa akauliza, "sasa hapo ametuambia nini? Atamwambia, au hatamwambia?"